Samli Ndani ya Kinanda

"Usikiguse bado," alisema Inspekta Andendekisye.

Koplo Faustin akaurudisha mkono. Tangu kile kinanda cha santuri kiletwe kituoni Rujewa alikuwa amekwisha kukibeba kwapani, kukiegemeza ukutani, na juzi nusura atue birika la chai juu yake. Sasa huyu bwana mkubwa ameshuka na Landrova kutoka Mbeya asubuhi hii, hata maji hajanywa, na anataka kitu kitazamwe kwanza kwa macho. Haya.

"Afande, mimi nahitaji mambo mawili tu," Faustin alisema. "Hati ya mashtaka inataka thamani ya mali, na inataka tuseme mali ni ya nani. Ukinipa hayo, Jumatatu mshitakiwa anapandishwa gari kwenda mahakamani Mbeya, na mimi napata kupumua."

"Na akipatikana na hatia?"

"Jela, afande. Miaka. Hakimu wa sasa hana mchezo na wezi."

Mshitakiwa aliyasikia hayo yote, maana mahabusu ya Rujewa ilikuwa chumba kilichopakana na kaunta, na mlango wake ulikuwa wa nondo. Aliitwa Nkuba Seni, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake zamani kidogo, akajenga upande wa Madibira. Mtu mzima, mrefu, amejifunga shuka, na ameketi sakafuni kwa heshima zake kama aliyeketi kwake. Tangu akamatwe alikuwa amesema neno moja: changu. Akiulizwa amekipata wapi, anatazama ukuta.

Kwenye benchi la kaunta alikaa mlalamikaji, Saulo Yotamu, mwenyeji wa hapahapa Rujewa, aliyerudi mwaka jana kutoka migodi ya shaba ya Kopabeliti, Zambia. Alikuwa amepakata kasha la mbao na hakutaka kuliachia. Wiki iliyopita alikwenda Madibira kutafuta mpunga, akapita kwenye boma lenye harusi, akasikia kinanda kinalia. Aliingia, akaufungua mfuniko, akapiga kelele za mwizi katikati ya harusi ya watu. Fikiria aibu hiyo.

"Ndugu Saulo," Inspekta alisema, "kabla sijakifungua, nipe alama moja ambayo mtu haioni kwa nje."

Saulo hakusita. "Marehemu baba alikitoa Joni, Afrika Kusini, alipokwenda machimboni na kampuni ya Wenela. Alichoma jina lake kwa msumari wa moto chini ya ubao wa mota. Niliona kwa macho yangu nikiwa mtoto. YOTAMU. Ukilikosa, nifunge mimi."

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Na hapo ndipo alipowachosha wenzake, kwa sababu kwa muda mzuri hakufanya lolote ila kutazama na kuguna kwa furaha.

Tuseme ukweli, kilikuwa kinanda cha kutazamwa. Sanduku la mti mwekundu unaofanana na mninga wetu, pembe nne zimevishwa shaba ya njano, na shaba yenyewe inang'aa kwa kusuguliwa, si kwa upya. Bawaba za mfuniko zilikuwa nzima. Inspekta aliufungua na kuufunga mara kadhaa akiutegea sikio. Haukulia. Mkono wa nikeli ulikuwa umeparara kidogo pale vidole vinapoushikia, basi. Aliukunjua, akakitazama kile kichwa cha duara kinachotoa sauti, akakielekeza dirishani.

"Lo! Koplo, njoo uone. Ulanga mzima! Unaona hiki kioo chembamba? Hiki ndicho kinachotetemeka mpaka mtu anaimba. Kikipata ufa, umebaki na sanduku la kuwekea chumvi. Baba yangu kule Tukuyu alikuwa na kinanda cha namna hii. Mjomba alikiangusha tukitoka msibani, ulanga ukapasuka, na hakuna aliyeimba tena nyumbani kwetu." Akakipuliza vumbi polepole. "Huyu aliyekitunza hiki, mwizi au si mwizi, mimi namvulia kofia."

"Niandike namvulia kofia?" Faustin aliuliza.

"Wewe andika ulanga mzima."

Sinia la chuma linalobeba sahani ya santuri lingetakiwa kuwa na kitambaa laini cha kijani. Hili lilikuwa na ngozi ya ndama, imekatwa duara safi, manyoya juu. Katikati tundu lilikuwa limepanuka kwa kuingiza na kutoa sahani, na manyoya yamelala yote upande mmoja, upande wa mzunguko. Inspekta alipitisha kiganja, akarudia.

"Hii umeiweka wewe, mzee Nkuba?"

Nkuba aligeuza kichwa. Hakujibu, lakini hakukana.

Kisha Inspekta akachungulia tundu la sindano, akatikisa kichwa, akatoa kibanio mfukoni na kuchomoa kilichokuwamo. Haikuwa sindano ya chuma. Ulikuwa mwiba mweupe wa mgunga, umenolewa ncha.

"Ebo!" Faustin alicheka. "Anachoma sahani kwa miiba! Sasa hapo thamani si imekwisha, afande?"

"Nani kakwambia? Lete sahani aliyokamatwa nayo."

Sahani ililetwa. Inspekta aliilaza kwenye mwanga na kuitazama kwa ubavu. Alitazama muda mrefu, na uso wake ukafunguka.

"Chuma kinakwangua, Koplo. Sahani ikipigwa na chuma miaka, njia zake zinakuwa za kijivu, na mwimbaji anakuwa na mafua. Hii imepigwa mpaka karatasi ya katikati imechakaa, haisomeki. Lakini tazama njia. Nyeusi, inang'aa. Mwiba unaisha wenyewe, hauli sahani. Mzee, nani alikufundisha?"

Sasa Nkuba alijibu, kwa sababu kusifiwa ni kitu kigumu kukinyamazia. "Hakuna aliyenifundisha. Sindano ziliisha. Mgunga upo. Kila wimbo, nanoa upya."

"Unasikia? Kila wimbo."

Saulo alijikohoza kwenye benchi. "Inspekta, samahani. Unamsifu mwizi au unapima mali?"

"Napima, ndugu yangu. Kupima ndiko huku."

Akashika hendeli kuanza kukizungusha. Ilikwenda vizuri, laini, ikawa nzito kiasi, halafu ndani kitu kikagugumia. Inspekta akakaza mkono aendelee.

"Acha!" Nkuba alikuwa amesimama, ameshika nondo. "Hapo hapo acha. Ikigugumia, basi. Usiijaze mpaka mwisho, itakata. Ipumzike kwanza."

Inspekta aliiachia hendeli mara moja. Akamgeukia Saulo. "Ni kweli hiyo? Springi ina ugonjwa?"

"Ugonjwa gani! Baba alikuwa anaizungusha mpaka hendeli inagoma. Haijawahi kugugumia. Huyu kaiharibu, ongeza na hilo kwenye mashtaka."

Kiliwekewa wimbo. Inspekta alibandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, akatoa saa yake, akahesabu karatasi ikipita. Kinapaswa kwenda mizunguko sabini na nane kwa dakika, kikienda chini ya hapo sauti inakuwa ya mlevi. Kilianza vizuri, kikachoka, kikawa kizito. Alipokisimamisha, alikuwa anakunja uso kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kitu kinaishika mota. Bisibisi."

Akalegeza skrubu, akainua ubao wa mota taratibu kama mtu anayetoa mkate jikoni. Harufu ikajaa chumba kizima. Faustin aliziba pua.

"Samli!"

Ilikuwa samli. Gia zote, springi, vile vidude vitatu vya risasi vinavyoizuia mota isikimbie, vyote vimepakwa samli ya ng'ombe. Mfugaji ana dawa ya kila kitu, na dawa yenyewe anaikamua mwenyewe. Ngozi ikikauka, samli. Mtoto akikohoa, samli. Kinanda kikilia kwa ukavu, wewe ungefanya nini?

"Mafuta ya cherehani yanauzwa Rujewa hapa, mzee," Inspekta alisema kwa upole.

"Yananuka," Nkuba alijibu.

Inspekta alishindwa kujizuia, akacheka. Akaugeuza ubao juu chini. Chini kulikuwa na utando mnene wa samli iliyoganda. Akaufuta pembe moja kwa kitambaa. Herufi ikatokea, nyeusi, imechomwa kwa moto. Y. Akafuta tena. O. T.

Saulo alisimama, kasha likamponyoka nusura lianguke. "Si nilisema? Si nilisema mimi! Jina la baba yangu!"

Nkuba aliketi tena sakafuni. Alijifunika mabega kwa shuka na kutazama ukuta.

"Basi, afande," Faustin alisema, kalamu tayari. "Mali ya mlalamikaji. Nipe thamani tufunge."

Lakini Inspekta alikuwa ameacha kufuta. Kwenye herufi zilizobaki aliomba wembe, akakata kipande cha ule utando kama anayekata jibini, akakiinua mwangani. Samli ya juu ilikuwa laini, ya manjano. Chini yake kulikuwa na safu ya kahawia, tena nyingine nyeusi zaidi, na iliyogusana na ubao ilikuwa ngumu kama sabuni ya mche. Na kila safu ilitenganishwa na vumbi jembamba jeupe, lile vumbi la kiangazi cha Usangu linaloingia hata kwenye chumvi.

"Kila kiangazi kilipopita, alipaka upya bila kufuta ya zamani," Inspekta alisema, nusu akijisemea. "Ndugu Saulo, kwenye maelezo yako umesema kimeibwa lini?"

"Mwaka jana."

"Hii si samli ya mwaka jana. Ubao umeshainywa mpaka umevimba. Mwiba, ngozi ya ndama, manyoya yaliyolala, springi iliyochoka. Hiki kinanda kimekaa kwa mzee huyu viangazi saba, labda vinane."

"Basi kakiiba miaka minane iliyopita!"

"Inawezekana. Naomba hilo kasha."

Saulo alilitoa kwa shida. Ndani mlikuwa na sahani, zile nzito za zamani, kila moja imefungwa gazeti la Kitwe. "Ni za kinanda hichohicho," alisema. "Nimezileta kama ushahidi."

Inspekta alifungua moja, akailaza mwangani kwa ubavu kama alivyofanya ile ya kwanza. Akafungua ya pili, na ya tatu. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tundu la katikati la kila sahani lilikuwa kali, halijaingia chuma.

"Hizi hazijapigwa hata siku moja."

Saulo alianza kuzifunga upya kwenye magazeti yake.

"Ndugu yangu, mtu mwenye kinanda nyumbani hawezi kukaa na sahani hizi zote bila kuzisikiliza. Mwaka jana hukuwa na kinanda. Mara ya mwisho kukiona ni lini? Niambie ukweli, sikukasirikii."

"Nilipoondoka," Saulo alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Sitini na nne. Nilizinunua kule miaka ya mwanzo, kwa ajili ya baba. Kila nikipanga kurudi, napata sababu ya kubaki. Nikaja kusikia amefariki. Niliporudi mwaka jana, mama akaniambia kinanda kimeibwa karibuni. Sasa ningejuaje?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Amehamia Iringa. Mlandege, kwa dada yangu Lea."

"Mguu wake umepona?"

Aliyeuliza hakuwa Inspekta. Wote watatu waligeukia nondo. Nkuba alikuwa tayari ameinamisha kichwa, ameuma mdomo, anajichukia waziwazi.

Inspekta alichutama mbele ya nondo, uso kwa uso naye. "Mzee Nkuba. Unamjua huyu mama."

Nkuba alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Jumatatu unakwenda kufungwa. Ng'ombe wako nani atawalisha? Sema neno moja tu, amekupa yeye?"

"Niliahidi," Nkuba alisema. "Usiniulize tena, afande. Nifunge tu."

Inspekta alisimama, akapangusa magoti. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Alikirudishia kinanda ubao wake kwa mikono yake mwenyewe, akakifunga kwa blanketi la kituo, na kumwambia Saulo apande gari.

*

Njia ya Iringa si fupi, na Saulo hakuzungumza mpaka Mafinga. Hapo alisema tu, "Kama mama alijua, kwa nini anidanganye?" Inspekta, aliyekuwa amekipakata kinanda akikikinga na mashimo, alisema hajui. Alikuwa anakisia, lakini kukisia si ushahidi.

Nyumba ya Lea ilikuwa ya matofali mabichi, na mama Rozalia alikuwa uani akichambua maharage. Mwanamke mdogo wa mwili, ana gongo pembeni, na mguu wa kushoto ameunyoosha.

"Kamwene, mama," Inspekta alisalimu.

"Kamwene, baba. Karibuni." Akamwona mwanawe, akafurahi. Akaona blanketi likifunguliwa, furaha ikakatika.

Inspekta hakuuliza kitu. Alikiweka kinanda juu ya kigoda, akaweka sahani ya zamani, akachomeka mwiba mpya. Kisha akaanza kuzungusha hendeli, akaenda, akaenda, mpaka mota ikagugumia. Akakaza mkono kama anayetaka kuendelea.

"Wee baba, acha!" Rozalia aliangusha ungo. "Ikigugumia basi! Usijaze mpaka mwisho, itakata. Ipumzike kwanza."

Maharage yalikuwa yametapakaa ua mzima. Inspekta aliiachia hendeli.

"Ugonjwa huo wa springi ulianza lini, mama?"

"Baada ya…" Akamtazama mwanawe.

"Saulo haujui ugonjwa huo, kwa hiyo ulianza alipokwisha kuondoka. Wewe unaujua. Na kuna mtu mwingine anayeujua, kwa maneno hayohayo yako. Yuko mahabusu Rujewa. Jumatatu anapelekwa mahakamani kwa wizi, na amekataa kutaja jina lako. Ameniambia nimfunge tu."

Rozalia alishika mdomo. "Nkuba? Nkuba wamemfunga?"

"Mimi ndiye niliyemfungisha, mama," Saulo alisema. "Uliniambia kimeibwa."

Rozalia aliweka mkono juu ya lile gongo. Kisha alisema bila kumtazama mtu.

"Baba yako alipokufa, mvua ilikatika mwaka uleule. Lea alikuwa na mapacha, na maziwa hayamtoki. Mimi mguu huu ndio nimevunjika. Nikaja kuwaona watoto wanakwisha hivi hivi. Yule Msukuma alikuwa anapitisha mifugo, akawasikia wanavyolia. Kesho yake alirudi na ng'ombe mwenye ndama, akamfunga mlangoni kwangu. Hakutaka kitu. Nikamwambia, mimi si ombaomba, chukua kinanda. Akakataa. Nikamwambia basi ondoka na ng'ombe wako. Ndipo alipokichukua. Nikamwelekeza kila kitu, springi na yote, nikamwapisha asimwambie mtu. Nilijua utarudi, Saulo. Sikutaka uje usikie kwa watu kwamba mama yako alitoa kitu cha baba yako apate maziwa, na wewe una kazi Kopabeliti na hujaleta hata barua."

Saulo alikuwa amefumba macho.

"Sawa, nisingesikia kwa watu. Nilipofika, mbona wewe hukuniambia?"

"Ulishuka kwenye basi na kasha la sahani kichwani," Rozalia alisema. "Huna begi, huna blanketi, una kasha. Hata kukaa hujakaa, unaniuliza, mama, kinanda kiko wapi? Nikutazame usoni nikujibu nini, mwanangu? Ulimi ukasema kimeibwa. Sikujua utakitafuta."

Sasa alilia. Saulo alipiga magoti kwenye maharage, akamshika miguu, na Inspekta akatoka nje kwenda kuangalia tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

*

Walirudi Rujewa kesho yake mchana. Saulo aliandika mwenyewe kufuta malalamiko, na Faustin akafungua nondo. Nkuba alitoka, akasimama mbele ya Inspekta kabla ya kutazama kinanda.

"Nani kasema? Mimi sikusema."

"Kasema mwenyewe. Na mguu umepona, anatembelea gongo. Mapacha wako darasa la pili. Ulikipenda kinanda hiki, mzee, na kilikuwa na haki ya kupendwa. Ila samli nimeitoa yote. Utatumia mafuta ya cherehani, yanuke yasinuke."

"Wabeja," Nkuba alishukuru kwa Kisukuma, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Na thamani, afande?" Faustin alikuwa bado na karatasi mkononi. "Nimeacha nafasi."

"Hakuna mali iliyoibwa. Nafasi ibaki tupu."

Saulo alikuwa amesimama mlangoni na kasha lake. Alionekana anataka kusema maneno mengi, lakini alichofanya ni kulileta na kuliweka miguuni kwa Nkuba.

"Mzee, nisamehe. Hizi nilizinunua ziimbe kwenye kinanda hiki. Chukua, zina kwao sasa. Naomba moja tu niisikie kabla hujaondoka."

Nkuba alilitazama kasha, akamtazama yeye. Akafungua pindo la shuka, akatoa mwiba, akaunoa kwenye jiwe la mlango, akauchomeka. Kisha akajivuta pembeni, akamwonyesha hendeli.

"Zungusha wewe. Ni cha baba yako."

Saulo alishika hendeli kwa mikono miwili. Alizungusha kwa nguvu, kama alivyomwona baba yake akifanya zamani, mpaka ndani kikagugumia, na hakusikia, aliendelea kukaza huku machozi yanamtoka. Nkuba akamshika kifundo cha mkono.

"Basi," alisema taratibu. "Hapo hapo. Ipumzike kwanza."